Chupa Chini ya Kitanda

Tikiti maji likigongwa hujibu. Wakonyo alikuwa ameuza matikiti katika soko la Karatina kwa miaka kumi na tisa, na alimwonea huruma mteja aliyejichagulia tikiti kwa macho. Yeye alilishika kwa mkono wa kushoto, akaligonga kwa kifundo cha kidole cha kati na kulitegea sikio. Lililoiva lilijibu kwa sauti nzito iliyotulia. Lililopasuka ndani likabaki na uwazi lilijibu kwa kelele, tupu, na hilo alilitenga chini ya meza bila kuulizwa na mtu.

Jumanne hiyo lori kutoka Mwea lilifika saa moja asubuhi. Mwanawe Theuri, kijana wa miaka ishirini na minne, mwembamba na mrefu kiasi cha kuinama kila mlango, alikuwa juu ya lori akiteremsha matikiti mojamoja. Mkewe Shiro alikuwa chini akiyapokea. Walikuwa wamefika kwenye thelathini na kitu hivi Theuri aliposita, tikiti likiwa mikononi, akakunja uso.

"Nini?" Shiro akauliza.

"Kitu imenidunga." Aliweka tikiti chini polepole, akajishika kifua upande wa kulia. "Hapa. Inaenda mpaka kwa bega."

Alishuka kama mzee, akaketi juu ya magunia, akawa anavuta pumzi kidogokidogo, nusu nusu. Rangi ilikuwa imemtoka. Wakonyo alikuja mbio kutoka kibandani, akatia mkono ndani ya sweta ya mwanawe, akapapasa, akakuta ngozi tupu. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

"Vesti yake iko wapi?"

"Niliifua jana, mami," Shiro akasema. "Haikukauka."

"Ati haikukauka." Wakonyo aliinua sauti ili wauza ndizi wa upande wa pili nao wapate haki yao ya kusikia. "Mtoto yangu amepanda lori na hii baridi yote inatoka mlima, kifua wazi, kwa sababu vesti haikukauka."

 Wauza ndizi walimtazama Shiro kuanzia viatu hadi kilemba, na mmoja akatikisa kichwa.

Ni vizuri ijulikane kwamba nyumbani kwa Wakonyo magonjwa yote yalikuwa na mzazi mmoja, naye ni baridi. Jino likiuma, ni baridi. Mtoto akikataa kusoma, baridi imemwingia kichwani. Marehemu mumewe aligongwa na trekta, na hata hapo Wakonyo aliwaeleza majirani kwamba asingegongwa kama baridi haingemziba masikio. Basi Theuri alirudishwa nyumbani, akavalishwa vesti mbili na sweta tatu, akafunikwa blanketi, akanyweshwa kikombe cha mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa. Mwenye duka la dawa aliambiwa ni kifua, naye akatoa vidonge vya nimonia bila kumwona mgonjwa.

Siku mbili zilipita. Homa haikuja, kikohozi kilikuwa kidogo tu, lakini Theuri hakuweza tena kulala chali. Alikaa kitandani ameegemea ukuta. Alhamisi asubuhi Shiro alimuuliza kama atakunywa chai.

"Nita," Theuri akasema, akavuta pumzi, "kunywa," akavuta tena, "baadaye."

Shiro aliweka kikombe chini. Alikuwa msichana mpole, na katika miaka miwili ya ndoa hakuwahi kumpinga mama mkwe. Siku hiyo alichukua viatu vya mumewe, akapiga magoti, akamfunga kamba.

"Mami, mimi namtoa. Anaenda hospitali sasa hivi. Utanigombeza tukirudi."

Wakonyo alifuatana nao mpaka zahanati, lakini hakungoja warudi ndipo amgombeze. Alianza pale pale kwenye benchi, akiwaeleza wagonjwa wengine, mmoja baada ya mwingine, habari ya vesti. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alicheka. Shiro alikaa akiwa ameushika mkono wa mumewe, macho kwenye sakafu.

*

Tabibu wa zahanati aliitwa Mburu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye hakuwa na haraka na kitu chochote. Alisema mgonjwa avue nguo. Ikatoka sweta ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha vesti ya kwanza na ya pili, na Mburu akangoja kila moja kwa heshima. Halafu hakumgusa Theuri. Alirudi nyuma hatua mbili, akamtazama tu anavyopumua.

Wakonyo naye akatazama. Upande wa kushoto wa kifua ulipanda na kushuka. Wa kulia ulibaki nyuma, kama mtu anayesukumwa kwenda mahali asikotaka.

Mburu aliweka kipimo chake cha masikioni upande wa kushoto, akasikiliza. Akakihamishia kulia, akasikiliza kwa muda mrefu zaidi. Kisha alikivua, akalaza kidole cha mkono wa kushoto juu ya ubavu wa Theuri, akakigonga kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia. Akagonga kushoto. Akagonga kulia. Akagonga kushoto tena.

Wakonyo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitega sikio.

"Daktari," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "hiyo ya kulia iko tupu."

Mburu aligeuka. "Mama, wewe ni muuguzi?"

"Mimi nauza tikiti."

Mtu mwingine angecheka. Mburu alimtazama kidogo, akamwita kwa mkono. "Kuja. Gonga mwenyewe."

Wakonyo hakutaka. Alikuwa amemzaa huyu mtoto, akamnyonyesha, akamwogesha kwenye karai, akamchapa kwa kuiba sukari, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtu anaweza kumgonga mwanawe akasikia yaliyo ndani. Alikaribia. Aligonga kushoto, sauti ikatoka imetulia. Aligonga kulia, chini ya titi, kile kile kifua, ngozi ile ile, na sauti ikamrudia tupu, ya kelele, sauti aliyoijua kwa miaka kumi na tisa. Akashika meza.

"Pafu limetoboka kidogo," Mburu akasema. "Hewa inatoka ndani yake inakaa kati yake na mbavu, na haina njia ya kutoka. Inalifinya, pafu linajikunja. Halijajikunja lote. Naona ni kama nusu."

"Si nimonia?"

"Nimonia ukiigonga ni kama unagonga ukuta. Hii ni kama debe."

"Sasa ni baridi ilitoboa?"

"Hapana, mama. Vijana warefu, wembamba, hii huwapata hivyo tu. Kuna kilengelenge kidogo juu ya pafu, siku moja kinapasuka." Alimgeukia mgonjwa. "Unavuta sigara?"

Theuri alimtazama mamake, akatazama dirisha. "Mbili," akasema. "Kwa siku."

"Sigara inasaidia kukipasua."

Kilichotokea hapo hakikuwa cha haki, lakini ndicho kilichotokea. Wakonyo hakumgeukia mwanawe. Alimgeukia Shiro.

"Ulikuwa unajua?"

Shiro aliinama akaokota zile sweta.

"Ulijua na ukanyamaza. Kwanza vesti, sasa sigara. Na kama angevaa vesti asingevuta, kwa sababu sigara watu huvuta kwa baridi."

Mburu alifungua mdomo, akaona ni kazi ndefu, akaufunga. Alimwekea Theuri oksijeni puani na kupiga simu iletwe ambulensi ya kumpeleka Nyeri.

*

Hospitalini Nyeri walimpiga picha ya kifua. Daktari aliyeisoma alikuwa mwanamke kijana, Falguni, mzaliwa wa mji huo huo. Babake alikuwa na duka la vitambaa, na Wakonyo aliwahi kununua kwake kitambaa cha sare. Aliishika picha dirishani. Upande wa kushoto mbavu zilijaa nyuzi nyeupe nyembamba, zikitawanyika mpaka ukingoni. Upande wa kulia nyuzi hizo ziliishia katikati, kwenye mstari mwembamba uliopinda, na ng'ambo ya mstari ilikuwa giza tupu.

"Hii nyeusi yote ni hewa," Daktari Falguni akasema. "Ingekuwa kidogo tungengoja iishe yenyewe. Hii ni nyingi na anashindwa kuongea. Tutaweka mpira hapa chini ya kwapa, hewa itoke. Pafu litafunguka lenyewe."

"Lenyewe?" Wakonyo akauliza.

"Lenyewe. Linataka kufunguka. Linazuiwa tu."

Walimdunga ganzi, wakapitisha mpira wenye unene wa kidole kati ya mbavu mbili. Wakonyo na Shiro walikuwa nje, wakasikia Theuri akiguna mara moja. Walipoitwa ndani, mpira ulikuwa unatoka ubavuni kwake, umebandikwa kwa plasta, unashuka kando ya kitanda na kuingia ndani ya chupa kubwa sakafuni. Chupa ilikuwa na maji. Theuri alikohoa, na maji yakatokota.

Hapakuwa na moto, hapakuwa na chochote. Mapovu yalitoka kwenye ncha ya mpira, mfululizo, yakapasuka juu. Alipopumua, maji ndani ya mpira yalipanda kidogo na kushuka, yakapanda na kushuka, kwa mwendo ule ule wa kifua chake. Wakonyo alikaza macho mpaka yakamtoka machozi. Pumzi ni kitu kisichoonekana na mtu yeyote, na sasa pumzi ya mwanawe ilikuwa mbele yake, mtu angeweza kuihesabu. Alihisi yuko mahali anapopaswa kuvua viatu.

"Mami," Theuri akasema. "Naskia afadhali. Ile kitu imetoka kwa kifua."

Alikuwa ameyasema yote kwa pumzi moja. Wakonyo akasema anaenda kutafuta maji ya moto ya kujaza thamosi.

Kwa hiyo hakuwepo wakati muuguzi wa wodi, Sista Gathoni, alipompa Shiro maagizo. Gathoni aliyasema taratibu, akamtaka ayarudie. Chupa inakaa chini, siku zote chini kuliko kifua. Akitembea, anaibeba chini, usawa wa goti. Mpira usibanwe, usikunjwe. Maji yanaruhusu hewa itoke na yanaizuia isirudi. Lakini chupa ikiinuliwa juu, hayo maji yenyewe yanaingia kifuani.

Wakonyo aliporudi, Shiro alianza kumweleza. "Mami, sista anasema hiyo chupa—"

"Wewe ndiye utanifundisha kuangalia mgonjwa?" Wakonyo akamkata, akimimina chai. "Wewe?"

Shiro akaacha.

*

Jumapili baada ya ibada wakaja akina mama wa kanisani, sita, wakiwa na vitambaa vyeupe kichwani, uji wa wimbi na mukimo uliofunikwa kwa sahani. Kiongozi wao alikuwa Mama Wamae, ambaye macho yake yalikuwa hayapitwi na kitu. Shiro alikuwa ameenda dirisha la dawa, kwenye foleni. Wakonyo aliwapokea akiwa ameketi kwenye kiti kimoja cha kando ya kitanda, amejitanda leso yake nzuri, kwa kuwa kutembelewa na chama kizima ni heshima na alitaka waikute heshima hiyo imengojewa.

Wakati huo huo akaingia mfagiaji na ndoo. Alipiga deki kuanzia mlangoni, na maji meusi yenye povu la sabuni yakatangulia mbele ya fagio lake, yakapita chini ya kitanda cha kwanza, cha pili, yakamfikia Theuri na kuizunguka chupa.

Mama Wamae aliinama akatazama. "Hiyo ndiyo vitu ya mgonjwa imewekwa chini hivyo?" akauliza. "Kwa maji ya choo?"

Hakukusudia ubaya. Lakini Wakonyo aliona aibu mpaka kwenye meno. Sakafuni huwekwa ndoo, huwekwa viatu, huwekwa tikiti bovu. Pumzi ya mwanawe, ile aliyoitazama kwa siku tatu kwa hofu na shukrani, ilikuwa imekaa kwenye maji machafu, mbele ya chama kizima. Aliinama, akaichukua chupa kwa mikono miwili, akaipangusa kwa ncha ya leso yake nzuri, akaiweka juu ya kabati la kitanda, kando ya thamosi.

"Hapo sasa," Mama Wamae akasema.

Maji yalianza kutembea. Yaliondoka kwenye chupa, yakapanda kwenye mpira ulio wazi kama kioo, yakapita kwenye kona, yakateremka kuelekea ubavu wa Theuri, bila haraka na bila kusita. Wakonyo aliyaona. Aliyaona akafikiri ni dawa inaingia. Theuri alishtuka, akashika ubavu, akaanza kukohoa.

"Mami. Kitu baridi. Kitu baridi inaingia."

Hakuna aliyemwona Shiro akiingia. Walichoona ni mkono wake ukipita juu ya sahani ya mukimo, sahani ikianguka na kuvunjika, na yeye akiwa amepiga magoti kwenye maji ya deki na chupa imeshuka naye hadi sakafuni. Maji yaliyokuwa kwenye mpira yakasimama, yakageuka, yakarudi chini. Theuri alikohoa mara tatu, na kila mara mapovu yakafuata. Shiro aliishika chupa kwa mikono yote miwili, sketi imelowa, na hakuinua uso mpaka mumewe alipotulia.

Sista Gathoni alifika kwa mlio wa sahani. Alikagua mpira, akakagua plasta, akasikiliza kifua, akatazama alama ya maji kwenye chupa na alama nyingine ya maji juu ya kabati.

"Nani ameinua hii chupa?"

 Mfagiaji alisimamisha fagio. Wakonyo alitazama thamosi.

"Ni mimi," Shiro akasema.

"Wewe? Si ni wewe nilikueleza na ukarudia?"

"Pole, sista. Nilisahau."

"Ulisahau. Ungemzamisha bwana yako kitandani, na bado ungeniambia ulisahau? Kuanzia leo usiguse hii chupa. Ukiigusa, utakuwa ukimwona kutoka dirishani."

"Ndiyo, sista."

Mama Wamae alivuta pumzi kwa huzuni. "Wasichana wa siku hizi. Wakonyo, uko na msalaba. Hebu tuombe, tumwombee na huyu msichana Mungu ampe akili ya nyumba."

Wakainamisha vichwa. Mama Wamae aliomba vizuri, kwa sauti ya kupanda na kushuka. Wakonyo hakufumba macho. Alimtazama Shiro, ambaye alikuwa bado amepiga magoti, mikono imeshikana mgongoni ili isiguse chupa, machozi yanamtiririka hadi kidevuni wala hayafuti. Maji ndani ya mpira yalipanda na kushuka. Mwanawe alikuwa hai. Alikuwa hai kwa sababu ya msichana ambaye yeye, Wakonyo, alikuwa amemvua nguo mbele ya watu tangu Jumanne, na msichana huyo sasa amemvisha yeye. Woga uliomshika haukuwa wa muuguzi wala wa chama. Aliogopa jinsi mtu anavyoweza kuishi na mwingine chini ya bati moja, akale chakula chake miaka miwili, asimjue.

"Ngoja kwanza," akasema katikati ya sala.

Mama Wamae alifungua jicho moja.

"Sista, si yeye. Ni mimi nimeinua hiyo chupa." Alisimama, kwa sababu jambo hilo halikuweza kusemwa mtu akiwa ameketi. "Yeye alitaka kunieleza nikamkataza. Hakuwa hata ndani. Yeye ndiye amemtoa kwa maji."

Gathoni alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Na kitu ingine nataka kuuliza, hawa wote wakisikia," Wakonyo akaendelea. "Baridi inaweza kutoboa pafu? Mtu akikosa vesti?"

"Vesti?" Gathoni akashangaa. "Hapana, mama. Hata angevaa kumi."

"Mmesikia," Wakonyo akawaambia akina mama, ijapokuwa wengi wao hawakujua wamesikia nini. "Nimemwambia soko yote ni yeye. Nimeambia zahanati yote. Nitarudi huko kote niseme si yeye." Alimgeukia Shiro.  Alimshika kwapani, akamwinua kutoka kwenye maji, akamketisha kwenye kiti. "Kaa hapo," akasema. "Nionyeshe vile hukaa hiyo kitu."

"Chini tu, mami," Shiro akasema. "Chini kuliko kifua. Basi."

*

Jumanne mapovu yalikoma. Daktari Falguni akasema hiyo ni dalili njema, tundu limeziba. Wakampiga picha nyingine. Jumatano aliileta wodini, akaiinua dirishani. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetawanyika pande zote mbili, mpaka ukingoni kabisa, kwenye mbavu za mwisho. Giza lilikuwa limeondoka.

Wakonyo aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Hakuna mtu aliyeingiza mkono mle ndani akalikunjua pafu. Hakuna aliyelishona. Walilitolea tu kizuizi, na likarudi mahali pake lenyewe, kama walivyoahidi, siku sita, mbele ya macho yao, na hakuna aliyeliona likirudi.

Mpira ulitolewa, tundu la ubavuni likashonwa. Theuri alivaa shati, akavuta pumzi ndefu hadi mwisho wake, akatabasamu kwa mshangao kama mtu aliyeonjeshwa kitu kipya. Daktari aliketi na karatasi ya kuruhusiwa. Yalikuwa maagizo mengi: asibebe mizigo kwa wiki kadhaa, asipande ndege wala asipande mlimani mpaka apigwe picha tena, sigara aache kabisa, na akidungwa tena upande wowote aje siku hiyo hiyo, asilale na maumivu hayo nyumbani.

"Nani nitamwachia hii?" akauliza, akimnyooshea Wakonyo karatasi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa.

Wakonyo alirudisha mikono yake nyuma.

"Mpe bibi yake," akasema, akimwonyesha Shiro kwa kidevu. "Mimi nitakuwa nikimuuliza."